Naomba ushauri: print ya Python haiandiki kwenye faili kwa wakati

Mlinzi_wa_Baridi:
Ndugu wanajukwaa, salamu. Nimeandika programu ya Python inayosoma joto la jokofu la chanjo kila baada ya sekunde 30 na kuchapisha mstari kama huu: `2024-03-04 14:05:30 nyuzi 4.6`. Kwenye terminali (dirisha la amri) mistari hutoka mmoja mmoja, lakini nikiielekeza kwenye faili kwa `python3 joto.py > joto.txt &`, faili hukaa na baiti 0 muda mrefu. Juzi niliisimamisha kwa `kill`, na vipimo vya saa nzima vikapotea. Nifanyeje?

Fundi_Bomba:
Ndugu, Python hutazama kwanza inakoandika. Ikikuta terminali, humwaga kila mstari unapokamilika. Ikikuta faili au bomba (njia ya kupeleka matokeo kwa programu nyingine), huyakusanya maandishi kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda kwenye kumbukumbu, kwa kawaida hadi baiti 8,192, ndipo iyatoe kwa mkupuo, kwa sababu kuusumbua mfumo endeshi kwa kila mstari kunaipunguzia kasi. Mstari wako una baiti 30 pamoja na alama ya kuumaliza, kwa hiyo inahitajika mistari 270 na ushee, yaani zaidi ya saa mbili na robo, kabla hujaona chochote. Nayo `kill` huiua Python bila kuipa nafasi ya kumwaga kilichobaki. Andika `print(..., flush=True)` ili kila mstari umwagwe papo hapo.

Binti_Kodi:
Kama print zako ni nyingi, usizihariri moja moja. Endesha kwa `python3 -u`, inayozima bafa hiyo, au weka `sys.stdout.reconfigure(line_buffering=True)` mwanzoni mwa programu, jambo linalowezekana tangu toleo la 3.7. Usihangaike na `stdbuf`, amri ya kubadilisha bafa za programu, iliyonipotezea siku nzima: hiyo hugusa bafa ya maktaba ya C, ilhali Python 3 ina bafa yake yenyewe.

Mzee_wa_Seva:
Niongeze jambo moja, maana vipimo vya chanjo si vya kubahatisha. Kumwaga bafa kunayafikisha maandishi kwa mfumo endeshi tu, ambao nao huweza kuyashikilia kwenye kumbukumbu kabla ya kuyaandika diskini. Umeme ukikatika hapo katikati, yamekwenda. Baada ya kumwaga (flush), ita `os.fsync(sys.stdout.fileno())`, inayouagiza mfumo uyaandike diskini hapo hapo.

Mlinzi_wa_Baridi:
Nawashukuru sana. Nimeweka reconfigure, nikafungua `tail -f joto.txt`, amri inayoonyesha mistari mipya ya faili, na mstari ukaingia kila sekunde 30. Nimeiua makusudi kwa `kill -9`, na kipimo cha mwisho nimekikuta. Kwa kuwa umeme hapa hukatika mara kwa mara, fsync nayo nimeiongeza. Kwa mistari miwili kwa dakika, sioni ikiichelewesha programu.