Pampu ya insulini isiyo na mrija kwa binti wa shule ya bweni: tuanzie wapi?

Mzazi wa Kisumu

Hamjambo nyote. Binti yangu ana umri wa miaka 14 na ana kisukari cha aina ya kwanza. Kwa sasa anajidunga insulini ya muda mrefu usiku na insulini ya kasi kabla ya kila mlo. Sindano zenyewe ameshazizoea. Taabu iko katika ratiba ya shule, kwani kengele ya chakula ikilia wenzake huelekea bwaloni, naye sharti apitie kwanza zahanati ya shule ambako dawa yake huhifadhiwa. Shangazi yake aliye Uingereza amejitolea kumnunulia pampu isiyo na mrija, ile inayobandikwa mwilini. Kabla hatujakubali, naomba wanaoitumia au waliowahudumia wanaoitumia watueleze inavyofanya kazi, inahitaji nini baada ya kununuliwa, na kama inastahimili joto letu la Kisumu.

Muuguzi, Nakuru

Mama, ni vyema umeuliza kabla ya fedha kutumwa. Inayojulikana zaidi katika aina hiyo ni Omnipod ya kampuni ya Insulet ya Marekani, ambayo iliidhinishwa kwa mara ya kwanza nchini humo mwaka 2005. Ina sehemu mbili. Ya kwanza ni podi, kifaa kidogo kinachojazwa insulini na kubandikwa tumboni, mkononi au pajani, kisha chenyewe huingiza kimrija kifupi laini chini ya ngozi; usiokuwepo ni ule mrija mrefu wa nje. Ya pili ni kidhibiti, ambacho mgonjwa hukitumia kuiagiza podi itoe dozi ya chakula. Podi moja hubeba hadi yuniti 200 na hukaa mwilini kwa siku 3, kisha hutupwa pamoja na insulini iliyosalia ndani yake.

Hapo ndipo ningemwomba shangazi apige hesabu. Kidhibiti hununuliwa mara moja, lakini podi zitahitajika takriban 10 kila mwezi, yaani zaidi ya 120 kwa mwaka, bila kuhesabu zitakazobanduka au kuharibika mapema. Isitoshe, Uingereza wagonjwa wengi hupata pampu kupitia huduma ya afya ya taifa baada ya kliniki kuwaandikia, kwa hiyo asidhani ataichukua dukani kama anavyonunua mashine ya presha. Zawadi ya podi za miezi mitatu, bila mpango wa mwezi wa nne, itamrudisha binti kwenye sindano wakati ambapo ameshazoea maisha mengine.

Jambo la pili ni la usalama. Pampu hutumia insulini ya kasi pekee, ikiitoa kidogo kidogo usiku na mchana badala ya ile ya muda mrefu. Podi ikiacha kufanya kazi, mwilini hamna akiba, na ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutengeneza ukikosa insulini, zinaweza kuanza kupanda baada ya saa chache tu. Kwa sababu hiyo, anayevaa pampu hapaswi kamwe kukosa kalamu au sindano, insulini ya muda mrefu, na vipimo vya sukari na vya ketoni. Sukari ikizidi 13.9 mmol/L na isishuke baada ya dozi ya kurekebisha, apime ketoni, ajidunge kwa sindano kama daktari alivyomwelekeza, kisha abadilishe podi.

Mtumiaji, Kakamega

Mimi huvaa pampu ya aina hiyo, na podi huletewa na ndugu zangu walio ng'ambo. Faida ninayoithamini zaidi ni udogo wa dozi, kwani unaweza kuongeza au kupunguza kwa 0.05 ya yuniti, jambo ambalo sindano haiwezi. Podi haiingii maji, hivyo kuoga si tatizo. Kidhibiti ndicho kisichostahili kulowa. Jasho ndilo adui wa gundi, na kwa anayecheza mpira mchana ningeshauri plasta ya ziada ya kuizungushia podi.

Kuhusu joto, insulini iliyo ndani ya podi isizidi nyuzi 37, na podi za akiba zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Chumba chenye paa la mabati na kisicho na dari hupita kiwango hicho mchana, kwa hiyo sanduku la bweni si mahali pa kuziweka. Chupa za insulini ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji ya zahanati, na pasipo na friji, chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga mbichi kivulini husaidia.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hulisahau: kidhibiti kinafanana na simu, na shule zetu hazina mzaha na simu. Pateni barua ya daktari, mkutane na mwalimu mkuu, matroni na mwalimu wa darasa kabla muhula haujaanza, na mkubaliane kwamba hakitachukuliwa hata wakati wa mtihani.

Mzazi wa Kisumu

Nashukuru sana. Je, pampu hiyo yenyewe hutambua sukari ikishuka usiku?

Muuguzi, Nakuru

Peke yake haitambui. Omnipod 5, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, hufanya hivyo ikiunganishwa na sensa ya sukari inayovaliwa kando, ambayo hupeleka kipimo kila dakika 5 ili pampu iongeze au ipunguze insulini. Hata hivyo, dozi ya chakula bado ataitoa mwenyewe kwa kukadiria wanga, na ugali wa bwaloni haupimwi kwa mizani. Sensa nayo ni gharama nyingine ya kila mwezi. Kwa maoni yangu, fedha za shangazi zikitosha kimoja tu, aanze na sensa: binti ataendelea na sindano zake, mtaona sukari inavyokwenda usiku, na daktari wake wa kliniki atakuwa na takwimu za kuamulia kuhusu pampu. Wakati huo huo, zungumzeni na shule ili kalamu ya insulini ya kasi akae nayo mwenyewe hadi bwaloni.