Mnakata mahojiano ya wasanii sekunde 17 alafu mnajiita mashabiki??

Wasee nimeshikilia hii maneno tangu Jumapili na nikilala nayo siku ingine nitapasuka, kwa hivyo wacha niiseme yote, na ikikuchoma ujue ni wewe nilikuwa nakutafuta.

Kuna msanii mmoja, sitamtaja, jina lake limeburutwa ya kutosha hizi wiki mbili. Ni wa kitambo kidogo, nyimbo zake zilikuwa zinapigwa kwa matatu nikiwa bado navaa yunifomu, na mimi ni shabiki wake wa tangu hizo siku, si wa juzi. Akaitwa kuhojiwa na chaneli moja ya huku mtandaoni, wakaongea saa moja na dakika kumi na mbili. Nimeisikiza yote mara tatu. Saa moja na dakika kumi na mbili mtu anafungua roho yake, alafu Nairobi nzima inajua sekunde 17 peke yake.

Hizo sekunde 17 mnazijua. Ni pale anasema "mashabiki wa Kenya hawana shukrani, mimi siimbii watu tena." Basi. Klipu inakatwa hapo, inarudi mwanzo, anasema tena, inakatwa, anasema tena.

Sasa sikizeni penye ilitolewa. Dakika ya 36 anaulizwa kwa nini alipotea kwa muziki miaka mingi hivyo. Anasema mamake alifariki, hakuwa na pesa ya mazishi, akaposti paybill, akaambiwa kwa komenti ati anatafuta kiki na maiti ya mamake. Alafu anasema, na hapa nanukuu venye alisema, "hiyo usiku nilimwambia mzee wangu, mashabiki wa Kenya hawana shukrani, mimi siimbii watu tena. Nilisema hivyo kwa uchungu." Mnaona venye sentensi iko? Ni kitu alimwambia bwanake usiku wa matanga! Na hajamaliza. Anaendelea kusema mwaka uliofuata alienda soko la Muthurwa kununua sukuma na nyanya, mama wa kibanda akamwangalia, akamwangalia tena, akakataa pesa yake. Akamwambia, "wimbo wako ndio nilikuwa naimbia mtoto wangu tukiwa wodini miezi miwili, na huyu hapa, ameingia darasa la pili." Akamfungia ile sukuma kwa gazeti akampea na hoho juu. Hapo ndipo msanii anaanza kulia, dakika ya 39, na anasema hiyo siku alirudi nyumbani akaandika wimbo kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne.

Kwa hivyo mtu alikaa chini na simu yake, akaona hayo yote, akaamua kitu ya kubeba ni ile laana ya usiku wa matanga na kitu ya kuacha ni mama wa sukuma. Na picha ya machozi hakuitupa, akaipeleka kwa posti ingine na maandishi makubwa ya manjano ALIA BAADA YA KUACHWA NA MUMEWE. Mume mwenyewe alikuwa ameketi nyuma ya kamera hiyo siku, ukisikiza vizuri unamsikia akikohoa.

Na kitu inaniuma kabisa, hii klipu haikutolewa na adui. Nimeifuata nikarudi nyuma hadi posti ya kwanza. Ilitolewa na peji ya mashabiki wake. Peji iko na sura yake, iko na jina lake, iko na roho nyekundu mbili hapo mbele. Mashabiki!

Mimi niko na kaduka ka kava na protekta za simu hapa barabara ya Luthuli, kwa hivyo nasikianga kila kitu mji unacheka, mtu akingoja simu lazima aweke video sauti juu. Alhamisi wamekuja vijana wawili, mmoja anabandikiwa protekta, nafuta kioo chake na kale kakitambaa ka spiriti, huyo mwingine ako na hiyo klipu. Inaimba tu. Hawana shukrani, siimbii. Hawana shukrani, siimbii. Nimeisikia mara tisa kabla nimalize kutoa hewa chini ya protekta, na wanacheka, mmoja anasema "huyu mathe amezeeka na madharau." Nikamuuliza, umeona yote? Akaniangalia kama nimemuuliza kama amesoma katiba. "Yote ni saa nzima, nani ako na bando ya saa nzima?" Na akiniambia hivyo kidole kilikuwa kinapiga kusambaza. Akaituma mbele yangu, nikiwa nimeshika simu ya rafiki yake.

Sawa, bando naelewa, sitajifanya sielewi. Video ya saa moja hata ukiishusha kwa picha mbaya ni kama MB 300, na kuna watu hiyo ni bando yao ya siku mbili. Klipu ya sekunde 17 inaingia bure kwa stetasi ya shemeji. Lakini kama huna bando ya kusikiza, umetoa wapi bando ya kuhukumu? Si ungenyamaza tu. Hakuna mtu amewahi kulala njaa juu alikosa maoni kuhusu msanii.

Alafu jioni kwa grupu ya familia yetu, binamu yangu naye hiyo hapo. Na ile mishale miwili juu yake, ile WhatsApp huweka kitu ikishapita mikono mingi. Mnajua kitu ikifika hiyo hatua WhatsApp wenyewe tangu 2020 wanakuzuia kuituma kwa zaidi ya chati moja kwa wakati? Maanake hata mashine imeona hapa kuna kitu, inakuambia pole pole. Na binamu yangu alikuwa ametuma grupu moja baada ya ingine, moja baada ya ingine, na subira yote hiyo ya Ayubu, lakini kutafuta video nzima alishindwa.

Sasa mnisikize mjue kwa nini siwezi kuiacha. Kwa ploti yetu huku Umoja kuna dada anaimbanga nyuma ya huyu msanii, yule wa sauti ya pili. Ijumaa nimerudi nikampata ameketi kwa ngazi, mtungi wa maji uko hapo kando umejaa na hajaupandisha. Akanionyesha simu. Ilikuwa harusi Machakos, mwisho wa mwezi, walikuwa wamelipwa diposti ya elfu thelathini. Familia ya bibi harusi imeandika kwa adabu kabisa, wanasema wageni wao wameona ile video na hawataki aibu siku ya mtoto wao, tafadhali warudishe pesa. Na zilirudishwa hiyo saa, ujumbe wa M-Pesa uko hapo chini. Yeye fungu lake lingekuwa elfu nne na mia tano. Hiyo ni rent yake isipokuwa mia tano. Akaniuliza, "kwani tulifanya nini?" Na mimi nimesimama hapo na mkate wangu sina jibu, juu jibu ni kwamba hamkufanya kitu, kuna mtu alitaka laiki.

Na laiki ni pesa, tusidanganyane. YouTube ndio ianze kukulipa matangazo unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka, au zile video fupi zako zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Milioni kumi, siku tisini! Hiyo huifikishi na mama wa sukuma, unaifikisha na matusi. Ndio maana hata wenye chaneli wameanza kuuliza maswali yakiwa tayari yamekatwa. Sikizeni mahojiano yoyote ya sasa, dakika ya tano tu, "ni nani alikuacha," "fulani na wewe mko na bifu," "ukikutana naye leo utamwambia nini." Msanii akijaribu kuongea muziki unaona mtangazaji anaangalia simu. Huyu wetu dakika ya 20 alieleza mambo ya mirabaha, ile pesa msanii hulipwa nyimbo zake zikipigwa, mnakumbuka ile ya 2019 wasanii wanaambiwa mgao wao ni shilingi 2,530, akaeleza hadi venye pesa inapotea njiani, dakika nane nzuri sana, mtu angejifunza. Nani ameikata hiyo? Hakuna. Hiyo imelala hapo kama haikusemwa.

Na tabia ni ya zamani kwetu, tuseme ukweli. 2021 Omosh yule mwigizaji alilia mbele ya kamera akiomba usaidizi, Wakenya wakachanga, hiyo tulifanya vizuri na nilituma kidogo yangu. Miezi michache baadaye akaongea kwa mahojiano mengine kwamba bado mambo ni magumu, na watu wale wale wakamrukia, vichekesho mtandaoni wiki nzima, mtu na watoto wake. Conjestina naye, msichana wa Siaya aliyetubeba kwa ngumi tukiwa hatujui hata wanawake wa Kenya wanapigana ulingoni, amekuwa mgonjwa miaka mingi na kila mara kuna kamera inapelekwa pale, anaulizwa maswali akiwa hajiwezi, na sisi huku tunashea na kale kaemoji ka kulia tukidhani tumemsaidia. Kushea si kusaidia. Kama ungetaka kusaidia ungeuliza nambari ya nani anamlisha.

Kuna wakati nafikiria E-Sir, yule rapa. Alikufa Machi 2003 kwa ajali wakitoka Nakuru, akiwa na miaka 21 tu. Mimi leo ningefunga duka siku nzima nikae nimsikize akiongea saa moja, hata akiongea vitu vya kawaida, venye alikuwa anaandika mistari, South C ilikuwa aje, alikula nini. Saa moja! Na hawa wenye wako hai, wenye wamekubali kuja studio na miguu yao wakae watuambie, tunachukua lile saa tunalikatakata kama nyama ya mutura.

Najua kuna mwenye atakuja hapa chini aseme "ni seleb, alijua, avumilie." Avumilie nini? Kusemewa kitu hakusema? Hiyo si umaarufu. Mwingine atasema maneno ni yake, hakuna kitu imeongezwa, ni sauti yake. Ndugu yangu, nikirekodi ukisema "jana mwizi aliniambia nitakuua," nikate nibaki na "nitakuua," ni sauti yako pia. Nikapeleke polisi?

Na mkumbuke sheria ya makosa ya mtandao ilipopitishwa 2018 kusambaza habari ya uongo ukijua ni uongo iliwekwa ndani, watu wanaijua tu wakitukanwa wao. Baraza la Vyombo vya Habari nalo linapokea malalamiko, lakini hiyo ni ya waandishi na vyombo vyao, mtu na peji yake ya roho mbili nyekundu utampeleka wapi? Kwa hivyo msanii anabaki kuposti ufafanuzi, na ufafanuzi wake ulitazamwa na watu mia nane hivi nilipoangalia. Klipu ilikuwa imepita laki tatu.

NIMERUDI: Watu wawili wameniandikia inboksi wanasema nimejifanya msafi. Hapana. Hiyo klipu mimi pia niliipata siku ya kwanza na nikaituma kwa mtu mmoja, dadangu, na neno "imagini." Nilikuwa sijasikiza yote. Usiku nikasikiza yote, asubuhi nikampigia dadangu, sikuandika, nilipiga, nikamwambia ile kitu nilikutumia ni uongo, sikiza kuanzia dakika ya 36. Alikuwa ashaituma kwa chama yao. Akaingia huko akawaambia wote. Dakika nne tu za simu, hakuna mtu amekufa.

NIMERUDI TENA: Wenye mnauliza link, siweki ya klipu, msiniombe. Ya mahojiano kamili niko nayo, na kama bando ni shida pitia dukani Luthuli siku yoyote isipokuwa Jumapili nikutumie kwa simu bila data, hata kama hununui kitu. Wanane washakuja.

Na wewe mwenye hiyo peji, najua unasoma huku, juu umekuja kulaiki komenti mbili za kunitukana. Dada wa sauti ya pili bado hajapata shoo ya kujaza hiyo tarehe ya Machakos. Nimeangalia leo saa nne asubuhi nikifungua duka na klipu bado iko juu, umeibandika hapo mwanzo kabisa wa peji. Itoe. Alafu weka ya mama wa sukuma hapo hapo, kwa urefu wake wote, na hizo roho zako mbili.