Tupeane uzoefu: Nani ameshafika Salvation Mountain, kule jangwani California?

Mwana_Kurasini: Wakuu, jana napanga picha kwenye simu nikaikuta ile ya mlima wa rangi wa mzee Leonard Knight, nikakaa kimya. Alianza kuujenga 1984, kwa mikono yake na rangi za kupewa na watu. Juu msalaba, chini yake "God Is Love" kwa herufi zinazosomeka tangu barabarani. Mliofika, semeni.

BintiKilwa: Nimefika. Nililia.

Kaka_Phoenix: Sisi tulikwenda Julai, na hapo ndipo tulipokosea. Mimi, mke wangu, watoto wawili na mama mkwe, wiki ya tatu tangu atoke Tabora. Tukapita Yuma, Brawley, tukapanda hadi Niland. Gari linasoma digrii 47, na maji tuna chupa nne ndogo. Mama akaweka kiganja ukutani akasema, "Huu ni udongo wa nyumba zetu, umechanganywa na nyasi." Akaanza kupanda ile njia ya njano, hataki kushikwa mkono. Katikati akakaa. Nikadhani anapumzika. Namwita, haitikii. Ngozi kavu, jasho hakuna. Simu haishiki mtandao. Nikambeba mgongoni hadi kivulini, kwenye vyumba vya pembeni vyenye miti ya matairi na magogo. Watoto wanalia, mke analia. Akatokea mzee wa Kizungu, mkazi wa Slab City, kambi ya watu wanaoishi jangwani pale jirani, na dumu la maji. Wale hawana bomba, maji wanayabeba kutoka mbali, na alilimimina lote kwa mtu asiyemjua. Mama akafumbua macho, akauliza, "Watoto wamekunywa?" Tukamkimbiza hospitali. Jina la yule mzee silijui hadi leo.

BintiKilwa: Ya Rabi! Bi mkubwa anaendeleaje?

Kaka_Phoenix: Mzima, alisharudi Tabora. Picha ya mlima ameitundika sebuleni.

FundiUjenzi: Kaka, mama wa umri ule unampandishaje kwenye jua hilo?

MamaZawadi: Mwache, kosa ameshalikiri.

FundiUjenzi: Sawa. Ila jamani, msikanyage nje ya njia ya njano. Mlima wa kwanza mzee Knight alijenga kwa saruji iliyozidiwa mchanga, ukaporomoka 1989. Mzee hakukasirika, akaanza upya kwa udongo na nyasi. Ukiukanyaga hovyo unabomoa jasho la mtu.

Muha_Halisi: Rangi zote zile jangwani? 1994 kaunti ilisema ardhi ina sumu ya madini ya risasi (lead) kutokana na rangi.

FundiUjenzi: Malizia basi. Udongo ukapimwa upya kwingine, sumu haikuonekana. 2002 Seneta Barbara Boxer akautaja bungeni Washington kuwa hazina ya taifa. Mzee alifariki 2014 akiwa ameshuhudia hayo.

Muha_Halisi: Hilo la pili sikulijua. Nimekuelewa mkuu.

MamaZawadi: Nendeni Januari. Fikeni alfajiri.

Kijana_SD: Hapana, jioni ndiyo rangi zinawaka. Mimi nililala Slab City, watu wakapiga gita mpaka usiku.

MamaZawadi: Na watoto? Msilale huko.

BintiKilwa: Mie nilibeba kopo la rangi ya buluu nikawaachia wanaoutunza.

Mwana_Kurasini: Natoka San Diego Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, nafasi mbili zipo.

Kaka_Phoenix: Maji madumu mangapi?

Mwana_Kurasini: Manne, kaka.

Kaka_Phoenix: Ongeza moja, umwachie mtu wa Slab City.