Fremuweki ikizeeka: tuikarabati kidogokidogo au tuibomoe tuanze upya?

Wadau, jana jamaa mmoja kazini kaniambia fremuweki (ule msimbo uliotayarishwa ambao unajenga programu yako juu yake) ikishazeeka dawa ni moja tu, ibomolewe iandikwe upya, kuweka viraka ni woga. Mimi nakataa, tena nakataa kabisa.

Chukueni AngularJS, fremuweki ya kujengea kurasa za wavuti. Imetoka 2010, Google wakaibeba, watu wakajenga mifumo ya maana juu yake. Oktoba 2014 pale Paris wakatangaza kontrola (vipande vya msimbo vinavyoendesha ukurasa) zinaondoka, skopu (inayobeba data kati ya kontrola na ukurasa) inaondoka, na toleo la 2 lilipotoka rasmi Septemba 2016 likawa kitu kingine kabisa. Sababu walikuwa nayo, sibishi. Ile ya zamani ukigusa kitu kimoja tu inazunguka kukagua kila data iliyofungwa kwenye ukurasa, jedwali likiwa kubwa simu ya bei rahisi inaganda, na ugonjwa huo hauzibiki kwa kiraka.

Ila aliyelipa ni nani? Sehemu niliyokuwa nafanya kazi tulikuwa watatu, mfumo wa stoo, tukakaa zaidi ya mwaka tunahamisha tu, mteja kila mwezi anauliza mbona sioni kipya na ana haki ya kuuliza maana vitufe ni vilevile. ngUpgrade, zana ya kuhamia toleo jipya, ilituwezesha kuendesha la zamani na jipya pamoja, sawa, lakini ukurasa mmoja ukawa unabeba fremuweki mbili na bando analipia mtumiaji.

Sasa angalieni React, chombo kingine cha kujengea kurasa za wavuti. Septemba 2017, toleo la 16, waliandika upya injini yote ya ndani, wakaiita Fiber, na komponenti zetu nyingi (vile vipande tunavyojengea ukurasa) hazikuguswa hata mstari. Zilipokuja huki Februari 2019, njia mpya ya kuandika komponenti kwa fanksheni, klasi za njia ya zamani hawakuzifuta, unahama ukipata nafasi. Hicho ndicho ninachokitetea mimi: ndani bomoeni mnavyotaka, mlango uacheni palepale watu wanapoingilia.

Najua mtaniambia AngularJS ilihudumiwa mpaka Desemba 31, 2021, muda ulitosha. Kwa timu ya watu thelathini ulitosha. Sisi watatu tulikuwa tunahamisha usiku baada ya kumaliza kurekebisha bagi (hitilafu za programu) za mchana.

Aliyewahi kuhamisha mfumo mkubwa bila kusimamisha kazi za mteja atuambie, ulianzia skrini ndogondogo au uliingia moja kwa moja kwenye ile inayoingiza hela?