MICHE 300 IMEPANDWA NA KARATASI ZAKE! HAWA WANAFUNZI WAMETUMWA NA NANI?

Watu wa Kisumu, nimeshikwa na hasira hadi mikono inatetemeka. Wale wa fulana za kijani, msijifanye hamwajui, waliokuja na mabasi mawili kujitolea Nyalenda. Leo wamepanda miche 300 ikiwa bado ndani ya karatasi nyeusi za plastiki. Mche umesimama ardhini na karatasi yake kama mtoto aliyelazwa na viatu!

Jaduong', yaani mzee, wa kitalu, aliyelea miche tangu hawa wakiwa chekechea, amewaambia kwa upole, "Wanangu, toeni karatasi kwanza." Kiongozi wao akamjibu mbele ya watu wote: "Mzee, karatasi inashika maji."

INASHIKA MAJI!

Mche unaumwagilia kwanza ili udongo ushikane. Unapasua karatasi kwa wembe toka juu hadi chini, unaivua, bonge linabaki zima, ndipo unalishusha shimoni. Kazi ya sekunde 20. Usipoivua, mizizi inazunguka humo ndani kama mbuzi kwenye kigingi hadi inajinyonga, na mti ukibahatika kukua, upepo wa ziwani unaulaza kwa sababu haukushika ardhi.

Na mashimo yenyewe! Futi 2 kwa futi 2, udongo wa juu kando, wa chini kando, wa juu unachanganywa na samadi iliyooza na ndio unaotangulia kurudi. Wao wamechimba vishimo visivyoingia hata sufuria ya chai. Tena Januari, wakati udongo mweusi unapasuka nyufa za kumeza kidole na kukata mizizi michanga. Masika ni Machi. Nani atabeba maji ndoo kwa ndoo hadi Machi? Mabasi yameshaondoka.

"Mzee, karatasi inashika maji." Mzee hakujibu. Aliokota wembe wake akarudi kitaluni. Serikali inataka miti bilioni 15 kufikia 2032, na kwa mkono huu tutafikisha bilioni 15 za karatasi.

Omera_Kondele: Unalia kama umefiwa. Chukua wembe uende ukavue.

Mwenye uzi: Tunaenda kesho alfajiri. Ni siku moja tu imepita, mizizi haijatoka nje ya karatasi. Mwagia maji, chimba kuzunguka, inua kwa kushika bonge, usivute shina. Lakini ALIVYOMJIBU MZEE!

Nyar_Ahero: Wamepanda miti gani? Isije ikawa mikaratusi karibu na kinamasi.

Mwenye uzi: Siala na mkima (grevilea). Miti mizuri kabisa, ndiyo maana inauma.

Fundi_Manyatta: Afadhali miti. Kuna wengine walipaka darasa rangi ya mafuta juu ya plasta ya wiki moja. Plasta ya saruji inataka takriban wiki 4 ikauke, upake ya kwanza ya kuzuia chumvi, ndipo rangi. Sasa ukuta wote umevimba malengelenge, watoto wanabandua vipande wakiwa darasani.

Omera_Kondele: Fundi, mlango wa choo ulioniwekea wewe haufungi tangu Novemba.

Fundi_Manyatta: Mbao ulileta mbichi! Nilikwambia.

Jirani_wa_Dunga: Nyinyi mna bahati. Huku walitoa gugumaji wakalirundika hatua mbili kutoka majini. Wimbi la jioni likalirudisha lote. Gugu linapelekwa mbali na ukingo, linatandazwa likauke kabisa, kwa sababu kipande chenye mzizi kikirudi majini kinachipua. Na waliingia bila gambuti, kichocho wamekibeba hadi kwao.

Nyar_Ahero: Kulipeleka mbali kunataka toroli, na toroli hakuna.

Jirani_wa_Dunga: Ilikuwepo. Toroli ya kikundi iliazimwa Desemba na mtu wa Bandani anayesoma hapa kila siku. Gurudumu la mbele lina kiraka chekundu. Rudisha.

Omera_Kondele: Ile yenye mpini mmoja uliochomelewa? Nimeiona leo sokoni imebeba matikiti.