GMT-Master au GMT-Master II: kwa msafiri tofauti ni nini hasa?

Mshale24
Wakuu, naomba ufafanuzi. Rolex 16700 (GMT-Master) na 16710 (GMT-Master II) ziliuzwa sambamba miaka yote ya 1990. Zote kasha la milimita 40, zote mishale minne, bezeli (pete inayozunguka uso) ya saa 24, kioo cha yakuti. Ukizilaza pamoja, karibu kitu pekee kinachozitofautisha ni maandishi usoni. Natafuta ya kusafiria, si ya kufungia kabatini. Hiyo "II" inambadilishia nini mtu anayevuka kanda za saa kila mara? Na nchi za nusu saa kama India zinasomwaje?

FundiGia
Inabadilisha jambo moja tu, ila ndilo lenyewe: mshale upi unaweza kuruka peke yake.

Modeli ya kwanza, 6542, ilitoka katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya marubani wa shirika la ndege la Pan Am. Ndani yake mshale wa saa 24 umefungamana kwa gia na mshale wa kawaida wa saa. Mmoja humaliza mduara kwa saa 12, mwingine kwa 24, na hawaachani. Ukanda wa pili unapatikana kwa kuzungusha bezeli tu. 1675, iliyoanza 1959, iliongeza mabega mawili ya kulinda kifundo cha kutilia ufunguo. 16750 ikaleta tarehe inayobadilika haraka, bila kuzungusha mishale, na 16700 ikairithi. Miaka yote hiyo mishale miwili ilibaki na pingu ileile.

Pingu ilikatwa na 16760 mwanzoni mwa miaka ya 1980, GMT-Master II ya kwanza. Kwa kaliba (mashine ya ndani) 3085, mshale wa saa uliruka saa nzima nzima, huku dakika, sekunde na mshale wa 24 vikiendelea bila kuguswa. Mashine ilikuwa nene, kasha likanenepa nayo, wakusanyaji wakaibandika jina la Fat Lady. 16710 ya kaliba 3185 ikarudisha wembamba.

Kwa vitendo, ukitua na 16710: legeza kifundo mpaka nyuzi ziachie, vuta hatua ya kwanza, rusha mshale mpaka saa ya huko, sukuma, kaza. Dakika haijapotea hata moja. Kwa 16700, hatua ya kwanza ni ya tarehe. Ukitaka mshale wa saa usome saa ya ulipo, unavuta hatua ya pili, sekunde inasimama, mishale yote inaondoka pamoja, kisha unairekebisha bezeli ili usome nyumbani. Wengi huona bora kuacha mishale ilivyo na kusoma ugenini kwenye bezeli.

Usisahau kukaza kifundo. Maji huingia saa hizi kwa njia hiyo kuliko kwa njia ya kioo.

Kaliba_3185
Naongezea upande wa gharama, maana kuruka huko si kwa bure. II haina tarehe ya haraka. Tarehe inafuata mshale wa saa: mizunguko miwili kamili ya uso ndiyo siku moja. Saa iliyolala droo siku 10 inakudai miruko 240. Uzuri wake ni kwamba ukirudisha mshale nyuma kupita usiku wa manane, tarehe nayo inarudi. Kwa anayevuka Pasifiki hiyo ni zawadi.

Kwenye 16700 na 16750, usibadilishe tarehe kwa haraka kati ya 21:00 na 03:00. Gia ya kusukuma tarehe huwa tayari imeshika diski; ukiilazimisha, meno yanaumia.

Kosa la wengi kwenye II ni tarehe kugeuka saa sita mchana. Hiyo si hitilafu, umeiweka mbele au nyuma kwa saa 12. Rusha mshale mduara mmoja, basi.

Ukikagua ya mtumba, fanya haya. Weka mishale 00:00: ya saa, dakika na 24 yote ielekee juu kabisa. Ikiwa wa 24 umepinda kidogo, aliyeifungua mara ya mwisho hakuupachika sawasawa. Kisha vuta hatua ya kwanza, rusha mara 12 mbele na 12 nyuma. Kila mruko utue juu ya alama. Ukitua kabla au baada ya alama, ama mshale ulipachikwa vibaya ama gia ya nyota na springi yake zimechoka. Mshale wa 24 kutikisika kidogo unaporekebisha mishale ni kawaida ya 3185. Kwenye 3186, kaliba iliyoifuata, mtikisiko huo uliondolewa, na watu huutumia kuzitofautisha mashine bila kufungua kifuniko.

BezeliMbili
Mmeiruka bezeli, nayo ina historia yake. Ya kwanza ilikuwa bakelaiti, tarakimu zake zimepakwa radiamu. Ilipasuka ovyo, na radiamu ni mionzi, hivyo ikapishwa na alumini. Nyekundu ni mchana, buluu ni usiku. Alumini hukwaruzika na kupauka kwa jua, lakini kwenye 16710 kipande hicho kinatoka na kingine kinaingia bila shida kubwa.

Kauri ilianza na modeli ya dhahabu ya 2005. Haipauki, wala haikwaruziki kirahisi, ila pigo kali kwenye ukingo linaweza kuipasua. Rangi mbili kwenye kipande kimoja cha kauri zilingoja mpaka 2013, buluu na nyeusi. Nyekundu na buluu zikaja 2014 kwenye dhahabu nyeupe, kisha chuma 2018 pamoja na kaliba 3285 yenye akiba ya nguvu ya saa 70 hivi. Kwangu mimi hiyo akiba ina maana kuliko rangi: unaivua Ijumaa, Jumatatu bado inatembea.

Mshale24
Shukrani. Basi kwa 16710, ukanda wa tatu nausoma vipi?

FundiGia
Mshale wa saa: ulipo. Mshale wa 24: UTC (saa ya rejea ya dunia), au nyumbani. Bezeli: kwingine. Kama huko kuko mbele ya mshale wa 24 kwa saa 3, zungusha bezeli nafasi 3 kinyume cha mwendo wa mishale. Kukiwa nyuma, zungusha kufuata mwendo wa mishale. Jaribu: mshale uko 12, ukirudisha bezeli nafasi 3, chini yake inakuja 15.

India ndiyo inayoisumbua. Mshale wa dakika ni mmoja kwa kanda zote, kwa hiyo UTC+5:30 unasoma saa nzima na kuongeza 30 kichwani. Bezeli za sasa zina mibofyo 24, hazisimami katikati. Ile ya 1675 haina mibofyo, inashikwa na msuguano tu, kwa hiyo unaweza kuielekeza nusu.

Mji_wa_Juu
Ukitaka nusu saa zishughulikiwe na mashine yenyewe, toka kwenye familia hii kabisa. Vacheron Constantin walitoa mwaka 2011 saa ya kanda 37, nusu na robo zikiwemo, na Senator Cosmopolite ya Glashütte Original ikafuata njia hiyo 2015.

Saa za miji 24 za mtindo wa Louis Cottier, wa 1931, hazikusaidii hapo. Patek Philippe tangu 5110 ya mwaka 2000 wana kitufe kwenye nafasi ya 10: bonyeza mara moja, mshale wa saa na diski ya miji husogea pamoja, dakika haiguswi. Ni raha kuitumia, lakini diski ya miji huchapishwa mara moja tu, na saa za miji hubadilika. Moscow ilihamia UTC+4 mwaka 2011, ikarudi UTC+3 mwaka 2014. Wala diski haijui saa za kiangazi, hivyo London ya Julai itakudanganya kwa saa nzima. Mshale wa 24 ukiuweka UTC hauna tatizo hilo.