Tupeane uzoefu: nahau za Kiingereza cha kazini zilizowahi kukukwamisha

Wakuu, naanza mimi. Wiki ya pili kazini, meneja alifunga kikao cha simu kwa kuniambia "let's touch base on Thursday". Nikapekua mafaili yote nikitafuta hiyo "base", nikidhani ni ripoti. Alhamisi nikakaa nasubiri maelekezo, kumbe yeye anasubiri simu yangu. Maana yake ni tuwasiliane kidogo, basi. Msemo umetoka kwenye besiboli ya Wamarekani. Tangu hapo nina daftari, ila siandiki tafsiri tupu: naandika nani kasema, kamwambia nani, na baada ya hapo kilifanyika nini. Nyie mlijifunzaje?

—

Besiboli hiyohiyo ilininyima kazi. Mteja aliomba "a ballpark figure" (ballpark ni uwanja wa besiboli). Nikajifungia siku tatu, nikamtumia hesabu kamili mpaka senti. Alishampa mwingine. Alichotaka ni makadirio ya palepale.

—

Mimi ni "table". Nilikuwa naandika muhtasari wa kikao cha watu wa London na wa Chicago. Wa London akasema "let's table the budget". Wa Chicago wakafunga makabrasha, yeye ndiyo kwanza anafungua lake. Mimi nikaandika: bajeti imeahirishwa. Jioni yule wa London akanipigia, sauti imebadilika, anauliza nani kaahirisha hoja yake. Nilikosa usingizi. Baadaye ndipo nikajua kwamba Uingereza neno hilo ni kuleta jambo lijadiliwe sasa, na Marekani ni kuliweka kando. Churchill mwenyewe, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, ameeleza jinsi maofisa wa nchi hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu juu ya neno hilo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kumbe wote walikuwa wanataka kitu kimoja. Siku hizi nikilisikia nauliza hapohapo: tunajadili leo au siku nyingine? Hakuna aliyewahi kukasirika.

—

Kwangu nyingi ziliingia zenyewe nilipojifunza uhasibu. "Bottom line" ni mstari wa chini wa hesabu, pale faida au hasara inapoonekana. "In the red" ni hasara, kwa sababu iliandikwa kwa wino mwekundu. Ukiona picha, husahau.

—

Naongezea: tuzilinganishe na zetu. Sisi mtu akizidisha habari tunasema ametia chumvi. Mwingereza anayesikiliza habari kama hiyo huambiwa aipokee "with a pinch of salt", yaani asiiamini yote. Kwetu chumvi anatia msemaji, kwao anaishika msikilizaji. Nilipoliona hilo sikuhitaji kukariri. Lakini tahadhari: "amekula chumvi nyingi" usiitafsiri neno kwa neno. Niliwahi kumsifia hivyo mzee mmoja mbele ya wageni, wakadhani namzungumzia afya yake.

—

Samahani wakuu, nina swali la haraka. Niko kwenye kikao sasa hivi, nimeuliza kuhusu mkataba wangu, bosi kajibu "let's take this offline". Nitoke mtandaoni?

—

Usitoke, ndugu. Anasema mlimalize pembeni, wawili tu. Kikao kikiisha mwandikie wewe kwanza, muulize ana nafasi saa ngapi.